Usipepese

Kwa miaka minne nilikuwa mdomo wa bweni letu. Kila tangazo la mashaka lilipoingia kwenye kundi la wanafunzi wa kigeni, iwe kazi ya kupigwa picha kwa siku moja, iwe mkopo wa dakika tano, iwe safari ya bure, mimi ndiye niliyeandika chini yake kwa herufi kubwa: MSIENDE. Watu walinicheka. Kijana mmoja wa Kimongolia alinibatiza Polisi Tumpale, na jina likashika, hadi Shangazi Fang wa zamu pale mlangoni akawa ananipigia saluti nikirudi sokoni na mfuko wangu wa mboga.

Nilikuwa na sababu. Mwaka wangu wa pili hapa China, mjini Nanchang, rafiki yangu Byamungu, Mkongomani wa Uvira ambaye tulikuwa tukisonga ugali pamoja kila Jumapili, alikwenda uwanja wa ndege kuwahi mazishi ya mama yake. Hakupanda ndege. Afisa aliitazama pasipoti, akaitazama kompyuta, akamwambia jina lake lina kesi: yeye ni mkurugenzi wa kampuni tatu na haruhusiwi kutoka nchini mpaka kesi ziishe. Byamungu hakuwahi kumiliki hata baiskeli. Mama akazikwa bila yeye. Nilimuuliza mara ngapi sijui ilikuwaje, akawa anatazama sakafu tu. Muhula uliofuata chumba chake kilikuwa kitupu, namba yake haipatikani, na hakuna aliyejua amekwenda wapi.

Tangu hapo hofu yangu katika nchi hii ilikuwa moja. Si mitihani wala baridi. Ni jina langu kuchafuka, nikashindwa kurudi kwetu Mbeya.

Sasa aje Mutinta. Mzambia wa Choma, umri miaka ishirini, mwaka wa kwanza wa uuguzi, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kuamini. Mama yake alikuwa akinipigia kila wiki kuniuliza kama mtoto anakula. Siku chache kabla ya Sikukuu ya Kufagia Makaburi, Mutinta akaja chumbani kwangu ananionyesha simu: siku tatu za mapumziko, mji mpya wa Yunhu kando ya ziwa, basi bure, chakula bure, malazi bure, zawadi juu. Kinachotakiwa ni pasipoti na uso wa furaha.

Nikamwambia hakuna mtu duniani anayelisha watu thelathini kwa siku tatu kwa sababu anapenda sura zao. Akanijibu kwamba tangu afike hajaona kitu ila maabara na foleni ya kantini.

"Dada, wewe unaogopa kila kitu," akasema. "Umeishi miaka sita China, umeiona China wapi? Sokoni?"

Iliniuma, maana ilikuwa kweli. Tulibishana mpaka Shangazi Fang akagonga ukuta. Nilipoona kichwa chake hakigeuki, nikafanya jambo ambalo mpaka leo najilaumu nalo: nikajiandikisha na mimi. Nikajiambia nakwenda kumchunga. Nilibakiwa na miezi mitatu tu nimalize shahada yangu, tiketi ya Julai nilishainunua, tena ndege moja na Mutinta aliyekuwa anakwenda likizo. Baba alishanunua chokaa ya kupaka ukuta wa sebule. Kwa hiyo nilikuwa macho, mwenye tahadhari kuliko wote ndani ya basi lile. Au ndivyo nilivyodhani.

Aliyetupokea aliitwa Xu. Mwanamke mdogo, nadhifu, sauti laini kama ya mtu anayebembeleza mgonjwa. Alituita wote dada na kaka. Kabla basi halijaondoka akapita kiti kwa kiti na mfuko wa kitambaa, akikusanya pasipoti ili tuandikishwe polisi kule tutakakolala.

Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Lakini nani kati yetu angeshtuka? Ukilala popote nje ya bweni katika nchi hii, wanachukua pasipoti na kukuandikisha kabla siku haijaisha. Usipoandikishwa, faini ni yako. Nimetoa pasipoti yangu kwenye kaunta za hoteli mpaka mkono umezoea kwenda wenyewe. Nikaitoa. Mutinta naye, aliponiona mimi nimetoa, akatoa.

Barabara ilikuwa na moshi. Kila baada ya mwendo kidogo, familia zilikuwa zimechuchumaa kando ya makaburi zikichomea wafu wao vitu vya karatasi: pesa, nguo, televisheni. Mahali pamoja niliona nyumba nzima ya karatasi, ghorofa tatu, na madirisha na mapazia na kigari mlangoni, inashika moto kutoka chini. Mzee aliyeichoma alikuwa anaipepea kwa kofia yake ili iungue vizuri. Mutinta hakuiona. Mizunguko ya milimani ilimshika vibaya, na safari nzima alikuwa ameinamia mfuko wa plastiki.

Tulifika alasiri. Majengo kumi na mawili marefu, meupe, yamelizunguka ziwa, na kwenye kila baraza nguo zimeanikwa. Nikapumua. Nilitarajia kiwanda, au pori. Nikaona mji wenye watu.

Kwenye lango la jengo namba saba, Xu alituinulia simu usoni mmoja mmoja. Akasema milango ya hapa inamtambua mtu kwa sura, kwa hiyo kila mgeni lazima asajiliwe. Hilo nalo tulilizoea. Bwenini kwetu lango linafunguka kwa sura, maktaba hivyo hivyo, kituo cha treni hivyo hivyo. Simu ikaniamuru kwa sauti ya kike: geuza kichwa kulia, fungua mdomo, pepesa macho. Nikageuza, nikafungua, nikapepesa, na huku natafuta kwa mkono leso ya kumfuta Mutinta. Mlango ukafunguka. Mutinta alikuwa amejikunja nyuma yangu anatapika, na Xu akasogeza simu kando asichafuke.

"Mwache apumzike," akasema. "Yeye tutamfanya kesho."

Tulipewa chumba ghorofa ya kumi na tisa, mimi na Mutinta. Mlangoni palikuwa na kibao kipya chenye jina langu la Kichina, lile nililopewa na mwalimu wa lugha mwaka wa kwanza. Nikafikiri ni ukarimu. Ndani mlikuwa na kila kitu: sofa, birika, slipa jozi nne, picha ya harusi ya watu nisiowajua. Bafuni miswaki miwili, mikavu.

Kwenye baraza nikagusa nguo zilizoanikwa. Shati la bluu, taulo, suruali ya mtoto. Zilikuwa ngumu kwa vumbi, zimekauka miezi mingi iliyopita, na vibanio vimeshaliwa na jua. Nikatazama baraza la jirani: shati la bluu, taulo, suruali ya mtoto. Nikatazama jengo la ng'ambo, ghorofa kwa ghorofa mpaka shingo ikauma. Shati lile lile.

Saa kumi na mbili jioni taa za mji mzima ziliwaka kwa mpigo mmoja. Nikasikiliza. Jengo la ghorofa thelathini wakati wa chakula cha jioni, na hakuna harufu ya kitunguu, hakuna mtoto anayelia, hakuna mtu anayekohoa. Nilimfunika Mutinta blanketi, nikaweka kiti nyuma ya mlango, nikakaa juu yake.

Asubuhi Xu alikuja na maelekezo. Wanunuzi wa nyumba wangefika kwa mabasi, na sisi kazi yetu ilikuwa ni kuishi tu. Wengine watembee kando ya ziwa, wengine wacheze mpira wa kikapu, wanunuzi waone kwamba mji ni wa kimataifa. Mutinta, ambaye uso wake ulikuwa umerudiwa na rangi, akapewa kigari cha mtoto akisukume bustanini. Ndani yake mlikuwa na mwanasesere amefunikwa mpaka kidevuni. Akanitazama akijilazimisha kucheka.

"Haya sasa, nimezaa bila taabu," akasema, lakini mikono yake haikushika kigari mpaka Xu alipoisogeza.

Mimi nilipewa kupanda na kushuka lifti na kikapu cha mboga. Majani ya vitunguu yalikuwa ya plastiki. Nilipanda mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu, ghorofa ya kumi na nane, mlango ulifunguka akaingia Byamungu.

Alikonda. Nywele za pembeni zilikuwa zimegeuka mvi, naye hana hata miaka thelathini na tano. Alivaa slipa za nyumbani na kubeba kikapu kama changu. Nilitaka kupiga kelele za furaha, lakini nyuma yangu ndani ya lifti walikuwamo mume na mke wanunuzi, na Xu pamoja nao. Mke akamuuliza Byamungu, kwa adabu, kama anaishi hapa.

"Naishi hapa," akajibu. "Pazuri."

Alilijibu swali la yule mwanamke, lakini macho alikuwa amenikazia mimi. Hakutabasamu, hakuonyesha kunijua. Alinitazama bila kupepesa hata mara moja, ghorofa baada ya ghorofa, mpaka macho yakawa mekundu na machozi yakamshuka mashavuni, na bado hakupepesa. Nikaogopa. Tulipofika chini alitoka bila kugeuka. Nilisema moyoni, maskini, wamemharibu akili, na nikamkasirikia pia. Miaka minne namtafuta, kumbe yuko hapa anawapambia watu uongo.

Nikarudi chumbani. Nilifungua kabati nitoe koti langu, maana baridi ilikuwa imenipanda ghafla, na mlango wa kabati ulipopigwa na mwanga wa dirishani nikaona maandishi kwa upande wa ndani, yamekwaruzwa kwa kitu chenye ncha. Juu kabisa palikuwa na mstari wa maneno nisiyoweza kuyasoma, chini yake mistari mingine, kila mmoja kwa hati yake. Wa mwisho ulikuwa Kiswahili. Ile hati niliijua. Ndiyo iliyoniandikia kwenye vikaratasi vya jikoni kwamba unga umekwisha.

USIPEPESE MACHO MBELE YA SIMU YAO.

Nikakaa kitandani. Mambo yakajipanga yenyewe. Picha ya mtu yeyote anaweza kuipiga. Pasipoti wanazo. Benki, idara ya kuandikisha kampuni, zote hizo zinataka jambo moja la mwisho: mwenye sura apepese, ijulikane kwamba ni mtu hai na amekubali. Byamungu alipepesa. Wote waliokwaruza kabati lile walipepesa. Na jana alasiri, huku natafuta leso, Polisi Tumpale naye alipepesa.

Nitasema ukweli: jambo la kwanza nililolitaka lilikuwa kuvunja vitu. Halafu nikakumbuka kwamba Mutinta bado. Xu alisema kesho, na kesho ilikuwa ndiyo leo.

Nilimkuta bustanini na kile kigari. Nikamwambia kwa ufupi: shika tumbo, ulie, na simu yoyote ikija usoni kwako fumba macho uyabane. Akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakubisha. Alijikunja palepale kwenye majani. Nikamwita Xu, nikamwambia Mutinta tangu jana anatapika, sasa anahitaji hospitali, na wewe unajua hospitali haimwandikishi mgonjwa wa kigeni bila pasipoti. Wanunuzi walikuwa wanatutazama. Xu alitabasamu, akatoa simu.

"Atazame hapa kwanza, nusu dakika tu, mlango umtambue."

"Hawezi kufumbua macho," nikasema. "Akifia hapa mbele ya wateja wako, utawaambia nini?"

Akawatupia jicho wanunuzi. Akaufungua mfuko wake wa kitambaa, akanipa pasipoti ya Mutinta. Nikabaki nimenyoosha mkono, najiandaa kugombania ya kwangu, nimeshapanga na uongo wa kusema. Sikuhitaji uongo.

"Na yako chukua, dada," akasema kwa sauti ile ile laini. "Yako tumeshamaliza nayo."

Tulitembea mpaka barabara kuu, tukapata gari la kubebea matikiti lililotushusha stendi. Mutinta alilia njia nzima, akiniomba msamaha, akinishukuru, akiapa kwamba hatakwenda tena hata bustani ya jirani. Hakuuliza kama na mimi nilipepesa, kwa sababu kwake yeye dada Tumpale hawezi kukosea hivyo.

Na mimi sikumwambia. Hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko lile la langoni. Ningekwenda polisi asubuhi iliyofuata. Ningekwenda kwa mwalimu wa ofisi ya wanafunzi wa kigeni, aliyekuwa ametutumia onyo juu ya safari hizi mara tatu, na mara zote tatu mimi ndiye niliyelisambaza. Nilifika hadi mlangoni kwake. Nikajiona nasimama mbele ya meza yake nikieleza, nikawaona Wamongolia wakicheka, nikageuka. Niliona aibu. Nikajifariji kwamba labda simu ile haikunasa vizuri. Mutinta alipoandika kwenye kundi habari za Yunhu, wote walinisifu kwa kumwokoa, na nikazipokea zile sifa.

Julai tukaenda uwanja wa ndege. Mutinta alitangulia, afisa akagonga muhuri, akampa pasipoti yake, akapita. Akasimama upande wa pili ananisubiri, ananipungia tiketi. Nikaweka pasipoti yangu kwenye kaunta. Afisa akaitazama kompyuta. Akaitazama tena. Akainua simu ya mezani, na akaniomba kwa upole nisogee pembeni.

Kampuni mbili. Mojawapo imewauzia watu nyumba za jengo la kumi na tatu Yunhu, na jengo la kumi na tatu halipo. Mkurugenzi ni mimi. Nilieleza yote, kwa Kichina changu cha miaka sita, na afisa aliniamini, hilo naliona mpaka leo. Lakini kuniamini hakufuti jina. Akasema uchunguzi utafanyika na barua za wito zitatumwa kwenye makazi yangu. Nikamwambia bweni nimeshalikabidhi. Akageuza kompyuta niione. Jengo namba saba, ghorofa ya kumi na tisa. Nimeandikishwa pale tangu Aprili, mkazi wa kudumu.

Mutinta alikuwa bado amesimama ng'ambo ya kioo. Nilimpa ishara aende, ndege isimwache. Akaenda kinyumenyume, mkono mdomoni.

Basi, ninaishi pale ambapo barua zangu zinafika. Kibao cha jina langu bado kiko mlangoni. Xu alinipokea kama ndugu, akaniambia kampuni yake inaweza kuandika waraka wa kunisafisha, ila niwe jirani mwema kwa muda kidogo. Byamungu, aliyewahi kulala chumba hiki na sasa yuko ghorofa ya chini yangu, anausubiri waraka huo mwaka wa tano sasa. Tunasonga ugali Jumapili. Aliniomba msamaha kwamba onyo lake la kwenye lifti lilichelewa, nami nikamwomba msamaha kwa kumkasirikia. Baba nimemwambia utafiti umeongezwa muda. Ameshapaka ile chokaa.

Jana, mapumziko ya Oktoba, basi lilikuja. Xu aliniweka langoni na kikapu changu, niwapokee wageni nikionekana natoka dukani. Wa kwanza kushuka alikuwa binti mfupi, wa Laos nadhani, na mkoba mkubwa mgongoni. Xu akaiinua simu. Yule binti aliponiona mgeni mwenzake akafurahi, akanigeukia kabla hajaitazama.

"Dada, unaishi hapa?"

Xu alikuwa anatabasamu, ananisubiri.

"Naishi hapa," nikasema. "Pazuri."

Kisha nikamkazia macho yule binti, na sikupepesa. Upepo wa ziwa ulikuwa unanipiga usoni. Macho yakaanza kuwasha, yakaungua, machozi yakajaa na kumwagika mpaka kwenye kola ya shati langu la bluu, na sikupepesa. Tabasamu lake likazimika polepole. Alinitazama mimi, akaitazama simu ya Xu, akanitazama tena. Akarudi nyuma hatua moja, akajifunika uso kwa viganja vyake viwili.